Kifungo, Kazi na Rufaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mkoani Tanga

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi na ndugu wa wafungwa walioko Gereza Kuu Maweni na magereza mengine ya mkoa huu. Mengine yanatoka kwa watu wasio na ndugu jela, ila wanafuatilia mjadala kuhusu kazi za wafungwa unaoendelea bungeni, redioni na vijiweni. Maswali ya kazi na ya rufaa tumeyaweka mahali pamoja kwa makusudi. Hukumu ndiyo inayoipa Serikali mamlaka ya kumfanyisha mtu kazi asiyoichagua, na rufaa ndiyo inayopima kama hukumu yenyewe ilisimama sawasawa. Rufaa ikilala, kazi inaendelea, na siku iliyokwisha kufanyiwa kazi hakuna anayeweza kuirudisha.

Angalizo kabla hujaanza: sheria za Tanzania zimefanyiwa urekebu, Toleo la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimehama namba. Kwa hiyo hapa tunataja sharti lenyewe, si namba ya kifungu. Ukikuta namba kwenye hukumu ya zamani, usiinakili kwenye hati mpya kabla ya kuihakiki.

Ndugu yetu kahukumiwa leo. Tufanye nini kabla jua halijazama?

Mambo matatu. Kwanza, andikeni namba ya kesi kama ilivyo kwenye jalada: jina la mahakama, namba na mwaka. Namba iliyokosewa tarakimu moja imewahi kuzika rufaa nyingi kuliko ushahidi wa upande wa mashtaka. Pili, ombeni kwa maandishi nakala ya hukumu na nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani. Barua iende nakala mbili. Moja ibaki kwa karani wa mahakama, nyingine irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo utauhitaji baadaye, na tutaeleza kwa nini. Tatu, hakikisheni mfungwa anajua kwamba akifika gerezani anatakiwa kumwambia ofisa wa mapokezi kuwa anakusudia kukata rufaa. Aseme siku ileile. Asisubiri ndugu waje Jumapili.

Muda wa kukata rufaa ni siku ngapi?

Inategemea hukumu imetoka mahakama gani.

Ikiwa ni Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine, na hati hupelekwa kwenye Mahakama ya Wilaya ileile iliyoamua, nayo ndiyo hulituma jalada juu.

Ikiwa kesi ilianzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kuna hatua mbili, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Hatua ya kwanza ni notisi ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. Hatua ya pili ni hati ya rufaa yenyewe, yaani zile sababu, ndani ya siku 45. Siku zilizotumika kusubiri nakala za hukumu na mwenendo hazihesabiwi ndani ya hizo 45. Lakini zile 10 za notisi hazisubiri nakala yoyote, na sisi tunasema ni dhuluma.

Tuchukue mfano. Hukumu imesomwa tarehe 3 Machi. Notisi iwe imeingia kufikia tarehe 13 Machi. Nakala mliziomba siku ileile ya hukumu, zikatoka tarehe 20 Mei. Siku 45 zinaishia tarehe 4 Julai. Mngekuwa mmeziomba mwishoni mwa Aprili, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ingeweza kusimama na kusema kwamba zile wiki za kukaa kimya hamkuwa mkisubiri nakala, mlikuwa mmelala. Ndiyo kazi ya ule muhuri.

Hukumu ikitoka Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30.

Notisi inaandikwaje?

Ni karatasi moja. Juu kabisa jina la mahakama inayopelekewa rufaa, kwa mkoa huu: Mahakama Kuu ya Tanzania, Masjala Ndogo ya Tanga. Chini yake, namba ya kesi ya jinai na mahakama ilikotoka. Kisha jina la mrufani na neno "dhidi ya Jamhuri". Halafu sentensi moja au mbili: kwamba mrufani, ambaye alitiwa hatiani kwa kosa fulani na kupewa adhabu fulani tarehe fulani, hakuridhika na anakusudia kukata rufaa. Aseme anapinga nini: kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Mwisho ni tarehe na sahihi, au dole gumba kwa asiyejua kuandika, pamoja na uthibitisho wa ofisa wa magereza kwamba imewekwa mbele yake.

Sheria inamruhusu mfungwa kukabidhi hati zake kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuzipeleka mahakamani. Kosa linalojirudia ni hili: mfungwa anasema kwa mdomo kwamba anakata rufaa, anaitikiwa vizuri, lakini hakuna karatasi inayoandikwa mpaka siku ya kumi na tatu. Siku ya kusikilizwa ikifika rufaa inatupwa kwa kukosa notisi, hata kama sababu zake zilikuwa za haki tupu. Ndugu anayekwenda kutembelea Maweni aulize swali moja tu: "Umeweka dole kwenye notisi, tarehe ngapi?" Akijibiwa kwa tarehe, aiandike.

Kwa nini mnasema hizo siku 10 ni dhuluma?

Kwa sababu ya ulinganifu. Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye mawakili, ofisi na magari, akitaka kukata rufaa dhidi ya mtu aliyeachiwa huru anapewa siku 30 za kutoa notisi yake. Mfungwa aliyepigwa bumbuwazi kizimbani, aliyeingia gerezani jioni hiyo bila karatasi wala kalamu, anapewa 10. Kuzilinganisha siku hizi hakuhitaji bajeti ya shilingi hata moja. Tunaamini lingekuwa rekebisho la kwanza kabisa kabla ya mengine yote yanayozungumzwa.

Sababu gani za rufaa zinasikilizwa kweli?

Siyo "sikutenda" na basi. Mahakama Kuu, ikiwa mahakama ya rufaa ya kwanza, inapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, kwa hiyo mwonyeshe ni wapi ushahidi unavuja. Sehemu zinazovuja mara nyingi ni hizi.

Utambuzi wa usiku. Tangu uamuzi wa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri wa 1980, mahakama zetu zinataka kujua shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa nini na wenye nguvu kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. Shahidi aliyesema "kulikuwa na taa ya sola" bila kueleza ilikuwa wapi na iliangaza vipi ameacha tundu.

Kielelezo kisichosomwa. Fomu ya PF3 (ya polisi, inayojazwa na daktari kuhusu majeraha), hati ya upekuzi au maelezo ya onyo (yale aliyoandikisha mtuhumiwa polisi) yakishapokelewa kama kielelezo, lazima yasomwe kwa sauti mshtakiwa asikie. Yasiposomwa, huondolewa kwenye ushahidi. Itafute kwenye mwenendo: baada ya neno la kukipokea kielelezo, je, kuna mstari unaosema kimesomwa?

Mnyororo wa kielelezo. Nani alikikamata, akamkabidhi nani, kikahifadhiwa wapi, kikafikaje mahakamani. Kwenye kesi za bangi na mirungi hili ni roho ya kesi.

Hati ya mashtaka inayosema jambo moja na mashahidi wanaosema jingine: tarehe tofauti, mahali tofauti, mali tofauti. Kama mashtaka hayakurekebishwa, hiyo ni sababu nzito.

Andika sababu chache zenye uzito. Rufaa yenye sababu kumi na tano, kumi na mbili kati yake zikirudia neno lilelile, inamchosha msomaji na kuzificha zile tatu nzuri.

Mwenendo wa kesi tuliopewa umeandikwa Kiingereza. Nani atusomee?

Kwa kesi za karibuni hilo limepungua, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Majalada ya zamani bado ni ya Kiingereza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na inataka msaada huo uwafikie walioko magerezani. Anzia kwa mkuu wa gereza au ofisi ya ustawi wa jamii, uulize kwa jina hilo hilo: msaada wa kisheria. Kijana wa mtaani anayejua Kiingereza atakutafsiria maneno, lakini hatakuambia kwamba kielelezo hakikusomwa.

Alikiri kosa. Je, anaweza kukata rufaa?

Kwa kawaida dhidi ya adhabu tu: ukubwa wake au uhalali wake. Dhidi ya kutiwa hatiani mlango ni mwembamba: kama kukiri kwenyewe hakukueleweka, kama alikiri kwa kukosea au kutoelewa, kama hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria, au kama maelezo aliyokubali hayatengenezi kosa hilo. Soma mwenendo uone alijibu nini hasa. "Ni kweli" peke yake, kisha maelezo ya kesi yaliyosomwa harakaharaka bila viungo vya kosa, yamewahi kubatilisha hukumu.

Muda umeshapita. Ndiyo basi?

Hapana. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi. Yanapelekwa maombi yanayoungwa mkono na hati ya kiapo. Kiapo kieleze ucheleweshaji wote, kipande kwa kipande: kuanzia tarehe fulani mpaka fulani nilisubiri nakala; kuanzia hapa mpaka hapa nilihamishiwa gereza jingine; siku hizi nilikuwa nimelazwa. Kipindi kimoja kikikosa maelezo, maombi yote yanayumba. Mkuu wa gereza naye akitoa kiapo kuthibitisha uhamisho au ugonjwa, maombi yanapata uzito mkubwa. Tunasema hivi kwa kuwa viapo vingi vinavyokwama vina sentensi moja tu: "nilichelewa kwa sababu mimi ni mfungwa."

Tumeambiwa tutoe pesa ili jalada litembee.

Msitoe. Malipo halali ya mahakama yana namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na risiti. Hakuna namba, hakuna malipo. Wanaoombwa hongo wanaweza kupiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Rufaa inaweza kumuumiza mfungwa?

Inaweza, na asiyekwambia hili hakutendei wema. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu. Hatari ni kubwa pale ambapo hakimu alitoa adhabu iliyo chini ya kiwango cha lazima, kwa mfano miaka 15 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kiwango chake cha chini ni miaka 30. Jaji akiliona, hawezi kulifumbia macho. Pia anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, ingawa amri hiyo haitakiwi kutolewa ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Kwa upande mwingine, wakili wa Serikali anaweza kusimama na kuunga mkono rufaa ya mfungwa pale anapoona hukumu haina miguu. Si jambo la ajabu, ni wajibu wake.

Anaweza kupata dhamana akisubiri rufaa?

Sheria inaruhusu, lakini baada ya kutiwa hatiani dhamana si ya kawaida tena. Lazima uonyeshe sababu zisizo za kawaida, hasa kwamba rufaa ina dalili kubwa za kushinda. Na siku alizokuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi kama kifungo ikiwa atashindwa.

Wakati rufaa inasubiri, bado anafanyishwa kazi?

Ndiyo. Akishatiwa hatiani na kuhukumiwa ni mfungwa, na Sheria ya Magereza ya 1967 inaruhusu afanyishwe kazi ndani au nje ya gereza. Kukata rufaa hakuisimamishi kazi.

Hapa ndipo uhusiano wa mambo haya mawili unapoonekana kwa jicho. Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haiwezi kufunga zaidi ya miezi 12. Chukua mtu aliyefungwa miezi 6. Akipata punguzo la theluthi kwa bidii na mwenendo mzuri, anatumikia miezi 4. Sasa hesabu: kuandika hati, jalada kuitwa, kupangiwa tarehe, Jamhuri kujibu, hukumu kuandikwa. Miezi 4 inakwisha njiani. Huyu analima, anapalilia, anabeba mawe, anatoka, na ndipo anaambiwa rufaa yake imeshinda. Au anaiacha, maana anaona haina faida tena, na jina lake linabaki chafu. Kwa wafungwa wa namna hii rufaa ipo kwenye vitabu tu.

Na mahabusu?

Mahabusu hajahukumiwa, Katiba inamhesabu hana hatia. Usafi wa mahali anapolala ni sawa. Kupelekwa shambani au machimboni siyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwahudumia wafungwa, ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela na zilizopitishwa katika sura yake ya sasa mwaka 2015, zinasema mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi akitaka, asilazimishwe, na akifanya alipwe.

Kwa nini kazi ya mfungwa haiitwi kazi ya shuruti?

Kwa sababu Katiba yenyewe imeitoa. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, kisha inasema kazi inayobidi ifanywe kutokana na hukumu au amri ya mahakama haihesabiwi kuwa ya shuruti. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1930 nao umeitoa, lakini kwa masharti mawili: kazi isimamiwe na mamlaka ya umma, na mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa watu binafsi au kampuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeyabeba masharti hayohayo.

Soma tena sharti la pili. Genge la wafungwa kwenye shamba la mtu binafsi, liwe la mkonge, la machungwa au la mahindi, halikingwi na Katiba kwa sababu tu kuna askari amesimama na bunduki pembeni. Vyombo vya usimamizi vya Shirika la Kazi vimekubali kazi ya kampuni pale tu mfungwa anaporidhia mwenyewe kwa hiari na masharti yanakaribia yale ya mfanyakazi huru.

Kwani hapa Tanga jambo hili linagusa nini zaidi?

Linagusa kumbukumbu. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kupitia kwa Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe, Pangani, na kwa miongo mingi mashamba yalilishwa na manamba, watu walioletwa kwa mikataba kutoka mbali na kuitwa kwa namba badala ya majina. Wajukuu wao bado wapo Muheza na Korogwe. Mtu wa hapa akisikia kwamba kazi isiyolipwa ni njia ya kumtengeneza mtu, ana haki ya kuuliza maswali.

Linagusa pia soko la vibarua. Anayekata mkonge kwa kipande au anayefyatua tofali anajadili ujira wake kila siku. Kazi ileile ikifanywa karibu naye na watu wasio na ujira, nguvu yake ya kujadili inashuka.

Mfungwa anapata nini kutokana na kazi?

Hana mkataba wa ajira wala kima cha chini cha mshahara. Kinacholingana na ujira ni muda: punguzo la theluthi ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja, ambalo sheria imelifunga kwenye bidii ya kazi na mwenendo mzuri. Aliyefungwa miaka 6 kwa kawaida anatazamia kutoka baada ya miaka 4. Wa kifungo cha maisha hana theluthi ya kukata. Na punguzo linaweza kupotea kwa kosa la nidhamu, kwa hiyo ugomvi na nyapara unaweza kumgharimu mtu miezi.

Kuna pia ujuzi: useremala, ushonaji, ufugaji. Ujuzi huo una faida nje ukiwa na cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ndugu waulizie kabla mtu hajatoka, siyo baada.

Akiumia kazini?

Utomvu wa mkonge unawasha ngozi mpaka inavimba, na mwiba wa ncha ya jani upo usawa wa jicho la mtu aliyeinama. Anayeingia shambani bila glavu, viatu na kinga ya macho ameingizwa kwenye hatari inayojulikana. Kanuni za Mandela zinataka wafungwa walindwe kama wafanyakazi huru na wafidiwe wakiumia kwa masharti yasiyo duni kuliko ya wafanyakazi huru. Lakini fidia ya wafanyakazi kwetu imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, ambao mfungwa hana. Jambo la kufanya: jeraha liandikwe siku hiyohiyo kwenye kumbukumbu za zahanati ya gereza, kwa tarehe, mahali na kazi aliyokuwa akifanya. Bila maandishi hayo hakuna dai la aina yoyote baadaye.

Wanasiasa wanabishania nini hasa?

Kuna kambi mbili kubwa, na kila moja ina hoja.

Ya kwanza inasema magereza yajilishe. Julai 2018 Rais John Magufuli, alipomwapisha Kamishna Jenerali Phaustine Kasike, alisisitiza kwamba wafungwa wafanye kazi na wazalishe chakula chao badala ya kulishwa kwa kodi. Mwelekeo huo una mizizi mirefu: Shirika la Magereza lina msingi wake kwenye sheria ya 1974, na baadaye vikaja viwanda kama cha ngozi cha Karanga mjini Moshi na mradi wa sukari wa Mbigiri, Morogoro, vikihusisha Jeshi la Magereza na mifuko ya hifadhi ya jamii. Hoja hii si ya kubeza. Mkulima wa Handeni anayelima kwa jembe la mkono na kulipa ushuru anauliza kwa nini amlishe aliyemwibia mbuzi, na anastahili jibu.

Ya pili inasema kazi iwe ya urekebishaji, yenye ujuzi na malipo hata kidogo. Kanuni za Mandela zimeeleza namna: ujira wa haki, ambao sehemu mfungwa anaitumia, sehemu anaituma nyumbani, na sehemu inawekwa akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Zinaongeza kwamba maslahi ya mfungwa na mafunzo yake yasiwekwe chini ya faida ya kiwanda, na kwamba apate angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki.

Tume ya kuangalia maboresho ya taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai mwaka huohuo. Tangu hapo mazungumzo yamepata pa kushika.

Sisi tunaona kambi zote mbili zinaruka swali la kwanza. Zinabishana mfungwa alipwe au asilipwe huku zikichukulia kwamba kila aliyefungwa alifungwa kwa haki. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru watoto wawili wa mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, waliokuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha Juni 2004. Miaka mitano na zaidi. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilisema hawakustahili kuwa mle. Kazi na ujana wa miaka hiyo viliandikwa kwenye daftari gani?

Akishinda rufaa analipwa fidia?

Hatuna mfuko maalumu wa kisheria wa kumfidia aliyefungwa kimakosa. Njia iliyobaki ni kesi ya madai, na ni ngumu, kwa sababu kushinda rufaa peke yake hakuthibitishi kwamba polisi au mwendesha mashtaka alikuwa na nia mbaya. Zamani mwananchi aliyemaliza ngazi zote za ndani aliweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha. Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililoruhusu hilo Novemba 2019, na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Uingereza ina tume huru, iliyoanza kazi 1997, inayochunguza hukumu zenye mashaka na kuzirudisha mahakama ya rufaa. Hata hivyo Andrew Malkinson alikaa ndani miaka 17 kabla ya kusafishwa Julai 2023. Wananchi walipogundua kwamba fidia ya mtu kama yeye ingeweza kukatwa gharama za kula na kulala gerezani, hasira ilikuwa kubwa hata serikali ikaufuta utaratibu huo mwezi uliofuata.

Marekani, marekebisho ya Katiba ya 1865 yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Colorado iliondoa maneno hayo kwenye katiba ya jimbo mwaka 2018. Wapiga kura wa California walikataa kufanya hivyo Novemba 2024. Kwa hiyo hata huko hawajaafikiana.

Kuna njia ya kuadhibu bila kumjaza mtu gerezani?

Ipo tangu 2002: Sheria ya Huduma kwa Jamii, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Mtu anafanya kazi ya umma akilala kwake. Wakili au ndugu aiombe kabla adhabu haijatamkwa, kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu, na aeleze makazi ya kudumu ya mhusika na nani mtaani anamfahamu. Ofisa huduma kwa jamii atahitaji hayo kuandika taarifa yake.

Rufaa ikishindwa Mahakama Kuu?

Mahakama ya Rufani, inayokuja kufanya vikao vyake hapa Tanga. Notisi siku 30. Kumbukumbu ya rufaa huandaliwa na Msajili, na ukishakabidhiwa una siku 21 za kuwasilisha sababu. Kwenye rufaa ya pili unasikilizwa kwa hoja za kisheria. Ukubwa wa adhabu peke yake si hoja. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo inahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya sheria.

Kahamishwa kutoka Maweni na rufaa iko Mahakama Kuu Tanga. Tufanyeje?

Andikeni barua kwa Naibu Msajili, Masjala Ndogo ya Tanga, siku mtakayopata habari. Wekeni namba ya rufaa, jina kama lilivyo kwenye jalada, gereza alikotoka, gereza alikokwenda na tarehe ya uhamisho. Nakala moja iende kwa mkuu wa gereza jipya. Msipofanya hivyo, hati ya wito inapelekwa Maweni, inarudishwa na neno "hayupo", na shauri linaahirishwa mpaka kikao kingine. Akiwa mbali sana, barua hiyohiyo iombe asikilizwe kwa njia ya video. Hukumu ikishatolewa mnaweza kuitafuta bila malipo kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwa jina la mrufani, lakini nakala yenye muhuri, ambayo gereza litaitumia kumfungulia mlango, inatoka kwa Msajili.